Kumzika Baba Kwenye Sinema

Duka la Pembejeo, Sokoni
Tarime
11 Februari 2024

Mdogo wangu Joel,

Marahaba, ingawa hujaniamkia. Sisi ni wazima. Mama anasumbuliwa na goti lakini bado anakataa fimbo, anasema fimbo ni za wazee. Mahindi ya bondeni kule Kisaka yameoza kwa mvua, na yale ya juu yaliyopona tembo wamekuja kuyamalizia, kwa hiyo mwaka huu tutanunua unga kama watu wa mjini. Mume wangu Method amehamishiwa shule moja ya Ikoma, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Mwanetu Elieth yuko darasa la tano na ana mdomo kama wako. Baba mguu umevimba tena, dawa anameza akikumbushwa.

Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu unakata. Jumapili ile nilipoanza tu kusema ukaniambia mtandao unasumbua. Mtandao wa Tarime ulikuwa mzima, Joel. Barua huwezi kuikata, labda uichane, na ukiichana nitaandika nyingine.

Hapa nyuma ya soko kuna kibanda umiza cha Vincent, yule aliyekuwa fundi redio. Anaonyesha sinema za Kihindi zilizotafsiriwa, zile ambazo jamaa mmoja anaongea Kiswahili juu ya kila mtu, mwanamume, mwanamke na mbwa. Wiki iliyopita vijana walikuja mbio dukani kwangu. "Dada Ghati, njoo! Joel yuko kwa Vincent, analia!" Nilimwacha mteja ameshika mfuko wa mbegu nikaenda.

Nilikukuta kwenye kioo umempakata mzee mmoja aliyepigwa risasi. Mtafsiri alikuwa akiropoka kama kawaida yake, halafu ulipofungua kinywa akanyamaza. Akasema tu, "Hapa jamaa anaongea lugha yake." Na kibanda kizima kikanyamaza, kwa sababu ile lugha ni yetu. Ulisema, "Tata! Tata Nchagwa Wangwe wa Kisaka, lala. Ni mimi Joel mwanao wa kwanza wa kiume ninayekufunika udongo. Ng'ombe wako hawatatawanyika." Ukachota udongo ukammwagia yule mzee kifuani, ukapiga ule ukunga wa kwetu, wenyewe kabisa, ule ambao mtoto wa kwanza wa kiume anaupiga mara moja tu katika maisha yake, akiwa amesimama juu ya kaburi la baba yake.

Joel, baba yako yu hai. Asubuhi ya siku ile alikuwa amekunywa uji kwangu, amekuja mjini kupimwa mguu. Na vijana wa stendi wanauchezesha ule ukunga kwenye simu zao wakisubiri abiria. Kuna mmoja ameuweka uwe mlio wa simu.

Nimeona aibu mpaka nikashindwa kurudi dukani kwa njia ya kawaida. Nimepita nyuma ya machinjio kama mwizi. Nataka uniambie ni nani aliyekupa ruhusa. Uliishiwa majina yote ya Kikurya ukabaki na la baba?

Nasubiri. Safari hii usiniambie habari za mtandao.

Dada yako,
Ghati


Hyderabad
20 Machi 2024

Dada Ghati, shikamoo.

Barua imefika ikiwa imefunguliwa na kubandikwa upya, sijui ni huko au huku. Poleni na tembo. Mwambie mama nimemnunulia dawa ya kuchua goti, kuna Mtanzania anakuja Aprili, atamletea. Mpe Elieth hongera. Mimi ni mzima, joto limeanza, tunakaa wanne nyumba moja, wawili Wanigeria na Mkameruni mmoja, wote tunafanya kazi hii hii.

Kwanza, hiyo si sinema ya Kihindi. Ni ya Kitelugu. Nilianza na za Kitamili kule Chennai nikiwa bado chuoni, halafu nikahamia huku. Najua kwa Vincent zote ni za Kihindi.

Pili. Umeona dakika zile tu, ukaandika kurasa mbili za hasira. Nimecheza sinema kumi na nne, dada. Hukuandika nilipofungwa kamba nikarushwa juu ya paa la gari mpaka bega likatoka. Hukuandika wanaponipaka masizi, mimi huyu, ati sijawa mweusi wa kutosha. Katika zote kumi na nne nauza dawa za kulevya au namlinda anayeuza, na katika zote steringi ananiua. Mara moja aliniua kwa nazi. Watu wanapiga makofi, nakwenda kula wali, kesho nauawa pengine.

Na kuna jambo hamlijui. Huku hawatumii sauti yangu. Mistari ya Kitelugu wanaona itanichelewesha, kwa hiyo mwongozaji ananiambia nitaje namba. Nakunja uso namkaribia steringi nasema kwa hasira, "Moja, mbili, tatu, nne! Tano, sita!" Baadaye mtu mwingine ambaye sijawahi kumwona anaingia studio na kuweka maneno mdomoni mwangu. Miaka saba nimekuwa maarufu kidogo kwa sauti ya mtu mwingine.

Siku ile nilitakiwa nimlilie bosi wangu aliyeuawa. Nikataja namba. Nikalia kwa namba mara nne, mwongozaji akatupa kofia chini. Akasema, "Wewe huna lugha kwenu? Sema chochote, hapa hakuna atakayeelewa." Nikafungua kinywa. Kilichotoka ndicho ulichosikia. Kamera ilipozima, yule mzee niliyempakata, Msudani, alikuwa analia na yeye ndiye maiti. Hawakuweza kuweka sauti ya mtu mwingine juu yake kwa sababu Hyderabad nzima hakuna mtu mwenye maneno hayo. Ni mara ya kwanza sauti yangu kubaki.

Unaniuliza nani alinipa ruhusa. Hakuna. Unaniuliza kwa nini nilitaja jina lake. Hilo sitajibu, na usiniulize tena.

Kuna habari njema vilevile. Kwa sababu ya kilio hicho wameniandikia nafasi kubwa katika sinema mpya. Nina jina, nina nyumba, nina mke, na ninakufa karibu na mwisho kabisa. Nitakuja nyumbani Desemba tukimaliza. Waambie hao wa stendi wafute huo mlio.

Msalimie shemeji Method. Baba mwambie amalize dawa.

Joel


Tarime
2 Mei 2024

Joel,

Marahaba. Dawa ya goti imefika, mama amejipaka mpaka nyumba nzima inanuka karafuu. Method alikuja Pasaka. Mahindi ya masika yamesimama vizuri. Nimesoma habari za kamba na masizi nikasikitika kweli, sikusudii kuficha. Ningekuwa karibu na huyo mwenye nazi tungeonana.

Lakini baba ameiona.

Mimi nilikuwa nimemficha. Nilimwambia Vincent akithubutu kuipeleka Kisaka nitamvunjia kioo. Aliyempelekea ni baba mdogo Hezekia. Alikwenda na simu yake mpya kubwa kama sahani, akamkuta baba ameketi nje anakanda mguu, akamwambia, "Kaka, mwanao amekuwa mtu mkubwa, tazama." Unamjua Hezekia, ana furaha isiyo na akili.

Mama anasema baba alitazama mpaka mwisho. Akasema, "Tena." Hezekia akarudisha. Alipomaliza mara ya pili akaomba aitwe kila mtu. Nilipanda basi la Mugumu mchana uleule. Tulipokaa, baba alisema hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Joel amekwisha kunizika. Nimesikia kwa masikio yangu. Siku nikifa msimpigie simu, na msimsubiri." Mama akaanza kulia. Hezekia akasema kaka huu ni mchezo tu, wanalipwa. Baba akamwambia, "Jina langu si mchezo. Nimesema."

Unaelewa maana yake? Wewe ndiye wa kwanza. Udongo wa kwanza ni wako, ukunga ni wako, zizi litakalofunguliwa asubuhi ya matanga ni wewe wa kulifungua. Hakuna mwanamume mwingine katika nyumba hii. Sasa umetolewa ungali hai, na maneno ya mtu mzima wa kwetu akishayasema mbele ya mkewe na ndugu yake hayarudi, labda ayarudishe mwenyewe.

Ndiyo maana nakuandikia upesi. Njoo. Usingoje Desemba. Uvimbe wa mguu umepanda mpaka kwenye paja, na hospitali wametuambia si mguu, ni moyo. Njoo ukae mbele yake, aone una miguu, umwombe mwenyewe afute yale maneno. Usije na zawadi. Usije na hiyo suti ya picha zako. Ukifika hapa unifokee mimi ukipenda, nitakusikiliza, lakini kwanza ufike.

Na kama huna nauli sema, nisije nikasikia baadaye kwamba ilikuwa nauli.

Ghati


Hyderabad
16 Juni 2024

Dada, shikamoo.

Barua imechukua wiki tano. Nilipiga simu ya mama mara tatu, mara ya tatu akapokea, nikamwomba baba, nikasikia baba anamwambia kwa mbali, "Mwambie ninalala." Saa tano asubuhi. Tangu lini baba analala saa tano?

Nimekasirika, sitakuficha. Nimekasirika mpaka mwongozaji amefurahi, anasema uso umekaa vizuri. Mtu anakutoa katika nyumba yako kwa sababu ya kipande cha sinema ya wizi alichoonyeshwa na Hezekia! Mimi sikumtukana. Sikumchekesha mtu. Kati ya upuuzi wote ninaofanya huku kile ndicho kitu kimoja ambacho hakikuwa upuuzi. Angeona nikirushwa juu ya paa angecheka na kusema Joel ana kazi. Ameona nikimheshimu, ananifukuza. Basi nimwelezeje?

Siwezi kuja sasa. Nimetia sahihi. Mke wangu wa kwenye sinema amepewa tarehe hizi tu, seti ya nyumba imejengwa na mvua inakaribia. Nikiondoka hata wiki mbili watampa Mkameruni, tunalala naye chumba kimoja na tayari amejaribu koti langu. Na kibali changu cha kuishi kinakwisha Septemba, nikitoka kabla ya kukihuisha sirudi. Nilipopata mlango baada ya miaka saba mnataka niufunge mwenyewe.

Nimeambatanisha picha. Ni siku ya kufungua kazi, wametuvisha maua shingoni, na jina langu liko kwenye bango, nimelizungushia kalamu. Muonyeshe. Mwambie hili jina Nchagwa liko kwenye bango Hyderabad na hakuna aliyeliweka ila mimi.

Desemba, dada. Mzee wetu ana roho ngumu, amepigwa teke na ng'ombe akamaliza kukamua. Atanisubiri hata kama hataki.

Joel


Tarime
28 Agosti 2024

Joel,

Marahaba. Barua na picha vilifika. Mama hajambo, goti limepata nafuu, anaishi kwangu kwa sasa. Mavuno yalikuwa mazuri, tumejaza ghala hadi mlangoni. Method ameomba kurudi Tarime, bado hajajibiwa. Elieth alikuwa wa tatu darasani, hisabati inamsumbua. Tembo hawakuja msimu huu. Vincent amehamisha kibanda chake, sasa yuko karibu na stendi. Hezekia anakusalimu.

Fanya kazi yako vizuri. Kama Desemba itakuwa vigumu, usijisumbue kwa ajili yetu.

Ghati


Hyderabad
30 Septemba 2024

Ghati,

Shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Nimesoma habari za mama, Method, Elieth, tembo, Vincent na kibanda chake. Hata Hezekia ameingia. Umemtaja kila mtu na mnyama ila mmoja.

Mama anaishi kwako "kwa sasa". Tangu lini mama anaondoka Kisaka mumewe akiwa na mguu mbovu? Nilimpigia, akaniambia, "Mwanangu ule vizuri," akampa simu Elieth, Elieth akakata. Nilimpigia Hezekia. Hezekia, ambaye hajawahi kukosa la kusema tangu azaliwe, akaniambia, "Muulize dada yako."

Basi nakuuliza. Na kwa sababu simu yangu hupokei, naandika, ikae njiani mwezi mzima na mimi nikae na mke wa uongo na nyumba ya mbao nikitaja namba. Moja, mbili, tatu. Jana nililia kwenye seti pasipotakiwa kulia, wakasema wataitumia.

Kama ni kweli ninachofikiri, na wewe umekaa na hilo neno huku ukiniandikia hisabati ya Elieth, sijui nitakuita nani. Wewe ndiye uliyenifundisha kuvaa viatu. Niambie kwa neno moja. Una mkono, una kalamu.

Joel


Tarime
24 Oktoba 2024

Joel,

Neno moja ni ndiyo.

Baba alifariki tarehe kumi na tisa Julai, mchana, nyumbani Kisaka, akiwa ameketi pale pale nje anapokanda mguu. Alimwita mama amletee maji, mama aliporudi alikuwa ameegemea ukuta. Tulimzika siku ya tatu. Barua yako ya bango na maua niliikuta posta siku tuliyorudi kutoka matangani. Niliifungua nikiwa bado na udongo wa Kisaka kwenye viatu, nikakuona umevaa taji la maua unacheka. Nilitaka kuichana. Mama akaninyang'anya, ameiweka anakojua yeye.

Sikukwambia kwa sababu alikataza. Alikataza mbele yetu, na mimi si mtu wa kutengua maneno ya marehemu ili wewe upate usingizi. Sasa umeuliza mwenyewe kwa maandishi na mimi nimejibu. Sikukupigia, sijavunja kitu.

Unataka kujua ilikuwaje? Nitakwambia, na ikuume kama ilivyoniuma. Jeneza liliposhushwa mchungaji alimaliza, akarudi nyuma. Watu wote wakangoja. Hapo ndipo mahali pako. Wazee wakatazamana. Mmoja akasema aitwe mtoto wa Hezekia, mwingine akasema huyo si wa nyumba hii. Wakaanza kubishana, jeneza likiwa shimoni, jua linawaka. Ndipo nyuma huko kwenye pikipiki kijana mmoja, sijui alidhani anasaidia au ana wazimu, akachezesha simu yake. Ukunga wako, Joel. "Tata Nchagwa Wangwe wa Kisaka, lala." Wengine wakaangua kilio, wengine walikuwa wanacheka wameziba midomo. Niliwaona waliocheka, nawajua kwa majina.

Nilimpita kila mtu nikachota udongo kwa mikono miwili nikautupa. Mzee mmoja akasema, "Mwanamke!" Nikamwambia, "Ndiyo, mwanamke. Wa kiume yuko kazini." Asubuhi yake nikafungua zizi mimi mwenyewe. Ukunga sikupiga, huo si wangu.

Nimefanya kazi yako, Joel. Nimeifanya mbele ya watu waliocheka. Usiniulize utaniita nani. Niite aliyekuwepo.

Ghati


Gesti, karibu na stendi
Tarime
14 Desemba 2024

Dada Ghati, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa mtaa wa pili kutoka dukani kwako, ni kichekesho. Jana nilikuja saa nne. Uliniona. Ulimwambia mteja asubiri, ukaingia stoo, ukakaa humo mpaka nikaondoka. Sawa. Barua hii nampa mteja wako yuleyule, nimemkuta anasubiri mpaka leo.

Niliondoka siku niliyopata jibu lako. Kazi ilikuwa haijaisha. Wakala ameniandikia kwamba sehemu iliyobaki ataigiza Mkameruni akionyeshwa mgongo tu, na kwa mbele watatumia picha nilizokwishapiga. Sauti ilikuwa tayari ya mtu mwingine, sasa na mgongo. Kibali nacho kimekwisha kabla sijakihuisha, kwa hiyo sirudi tena. Kwa hiyo usiseme nimekuja kutembea.

Leo asubuhi nilikwenda Kisaka peke yangu. Nilitaka iwe mimi na yeye. Lakini nilipita stendi, na stendi nzima inanijua kwa jina la ile sinema. Basi lilipofika Kisaka kulikuwa na pikipiki nyuma yake, nyingi. Walinifuata mpaka nyumbani kwetu, wakasimama nje ya uzio wa zizi. Walikuwa na adabu, siwezi kusema walinikosea. Walivua kofia. Halafu wakatoa simu.

Nimesimama juu ya kaburi la baba yangu na mbele yangu kuna kamera nyingi kuliko nilizowahi kuwekewa Hyderabad. Hezekia alikuwa pembeni yangu. Akaninong'oneza, na nadhani alikuwa na nia njema, mzee wa watu, "Mura, kijana wangu, piga sasa. Wanangoja."

Dada, nilikuwa nao. Ulikuwa hapa kooni. Nimetoka nao Hyderabad, nimepanda nao ndege, nimekuja nao toka Mwanza kwenye basi nimeuziba kwa leso. Na kuna mmoja nyuma, sikumwona, akasema taratibu kama mwongozaji, "Haya."

Nikaufunga mdomo. Nikasimama mpaka miguu ikafa ganzi. Jua likapanda, wakachoka, simu zikaanza kushuka, mmoja akasema, "Huyu mpaka alipwe ndiyo analia." Wakaondoka wakicheka. Hezekia naye akaenda kutafuta kivuli. Nilipobaki peke yangu nikataka kuupiga, ukawa haupo. Nikasema "Tata" ikatoka kama namba.

Basi nimemtii. Alisema nimekwisha kumzika, na kweli nimekuta sina cha kumzikia. Amenifukuza na nimefukuzika. Kuna basi la Mwanza keshokutwa asubuhi. Nilitaka tu ujue nilifika, na kwamba sikuwapa.

Joel


Dukani
15 Desemba 2024

Joel,

Marahaba.

Tangu jana jioni watu wanapita hapa dukani kuniambia mdogo wangu ana roho ya jiwe, amesimama kaburini kwa baba yake kama nguzo ya umeme, hata chozi. Mwenye mlio wa simu naye alikuja kununua dawa ya panya na kutoa maoni yake. Nimemwambia kile kilio cha sinema mlikiona bure na hiki hamkuuziwa, na kama anataka kuona mtu akilia asimame hapohapo nichukue ufagio. Ameondoka bila dawa ya panya.

Nina hasira na wewe, usije ukadhani zimekwisha. Kuna lingine nitakwambia sasa, na sikuombi radhi kwa kuchelewa.

Siku ile baba alipotuita, nilikuandikia alivyosema, na kila neno ni la kweli. Lakini yalikuwepo mengine. Alipomwambia Hezekia jina lake si mchezo, aliongeza, "Amenilia vizuri. Mtu halii hivyo mara mbili. Yuko mbali, anajua hatanikuta, akaona anilie mapema ningali nasikia. Wangapi wanasikia kilio chao? Mwacheni afanye kazi, msimsumbue kwa mara ya pili." Ndiyo sababu alisema usipigiwe. Na siku ulipopiga, saa tano, alijisingizia usingizi kwa sababu alikuwa analia na hakutaka umsikie.

Sikukuandikia sehemu hiyo kwa makusudi. Nilitaka uje, na nilijua ukishasikia umesamehewa utabaki huko huko na maua yako shingoni. Nilitaka uogope upande ndege. Haikufaa kitu. Na ukweli mwingine ni huu, mimi niliyempeleka hospitali, niliyemkanda huo mguu, niliyetupa udongo nikitukanwa, hakuna siku aliyoniambia nimefanya vizuri. Wewe umetaja jina lake kwa Wahindi akakusifu mpaka kufa.

Usipande basi kesho. Njoo leo saa saba, mama amepika. Yeye alikusamehe siku ileile. Mimi bado, kwa hiyo utakaa mbele yangu, utakula, na nitakufokea mpaka nimalize.

Ghati